Jumapili Baba Alipokuja Kiganjo

Juzi nilipita Kamakis, mwanamke mmoja akapasua nanasi bivu kando ya barabara. Harufu ile ikanirudisha jikoni kwa shosho, bibi yangu mzaa mama, huko Kiganjo, nilipokuwa mtoto.

Mimi na mama tulikuwa tumehamia huko kumkimbia baba, kwa sababu akilewa alitupiga. Jumapili moja tulipotoka kanisani tulimkuta mlangoni kwa shosho, shati limepigwa pasi, amekumbatia nanasi kubwa kama mtoto mchanga.

"Niliacha pombe, mama," alimwambia shosho. "Nimeokoka. Nimekuja kuomba msamaha."

"Usiniombe mimi. Waombe hawa."

Jikoni, nanasi likinukia mezani, baba alipiga magoti, akanyoosha mkono kunishika. Nikajikinga uso. Mkono wake ukabaki hewani, kisha akaurudisha polepole, akalia.

"Nisamehe, mami, mtoto wangu. Sitakupiga tena."

Shosho akaanza kuomba, akaomba na kuomba mpaka chai iliyokuwa motoni ikafurika na kuuzima moto. "Ngai! Mungu wangu! Amina!" akapiga kelele, akikimbilia sufuria. Mama akacheka, kwanza kidogo, halafu mpaka akashika mbavu. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka hivyo.

"Kunywa chai iliyobaki," akamwambia baba. "Msamaha nimekupa. Kurudi nyumbani, ngoja kwanza."

Baba alikuja kila Jumapili, mpaka tukarudi naye nyumbani kwetu Mugutha. Lakini siku hiyo ya kwanza, wakubwa wakiongea, nilijisogeza kwenye benchi kidogo kidogo hadi nikamfikia, nikamwegemea. Hakuthubutu kusonga. Chai yake ikapoa mkononi.