Mtandio wa Sabina

Kwa miezi mitano Sabina aliugua ugonjwa usio wake. Kila siku ya kliniki alijifunga mtandio shingoni, akashika kadi, akaketi kwenye benchi la hospitali kati ya wanawake wenye uvimbe. Pembeni aliketi mumewe, Maige, amefunga vifungo vya shati mpaka juu na jua lote lile, akipokea pole za watu kama mume mwema anayemsindikiza mkewe. Muuguzi akiita "Maige", watu walidhani mke amejiandikisha kwa jina la mume. Waliingia wote wawili, na mlango ukishafungwa, aliyepapaswa shingo alikuwa Maige.

Maige ni fundi wa kuchomelea mageti pale Igoma. Cheche za moto hazimshtui. Kilichomshtua ni maneno ya daktari.

Majibu ya sindano iliyochukua chembe za uvimbe yalitoka mwezi wa Machi: saratani ya tezi ya shingo. Maige akauliza mbona benchi zima ni wanawake. Daktari Hellen alimweleza bila haraka kwamba ugonjwa huo huwapata wanawake karibu mara tatu zaidi ya wanaume, na wataalamu wanashuku homoni za kike zina mkono humo. Kwenye chembe za tezi, hata za uvimbe wenyewe, kuna vipokezi, mfano wa kitasa kinachosubiri ufunguo. Homoni ikiingia pale, chembe inaweza kuchochewa ikue na kuzaana. Mwanaume naye anayo homoni hiyo, kidogo, na vipokezi anavyo. Mengi bado yanachunguzwa. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba wanaume huchelewa kuja, na huko kuchelewa ndiko kunakowaponza.

Mwenye hofu husikia nusu. Maige alitoka mle na homoni za kike tu, mengine yote akayaacha mezani kwa daktari. Alijitazama kwenye kioo cha pikipiki kuona kama ndevu zimepungua. Angemwambia nini Yakobo, fundi mwenzake, ambaye humtania mtu wiki nzima kwa kosa la kumbebea mkewe ndoo ya maji? Ndipo akamwomba Sabina ajifunge mtandio, mara moja tu. Mara moja ikazaa miezi mitano. Upasuaji aliopangiwa aliuahirisha mara mbili, kwa sababu angelazwa wodi ya wanaume, na huko siri isingefichika. Sabina naye alikuwa akiuza uji barabarani, na wateja wakapungua, maana watu hukimbia hata kisichoambukiza. Mwanaume mzima, na aibu yake kambebesha mke. Ninamhurumia Maige, lakini si sana.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maige aliumbuliwa na maombi. Jumamosi moja kina mama wa kanisani walikuja nyumbani wakiongozwa na Justa, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Waliimba, wakaomba, kisha Justa akaufungua mtandio ili aweke mikono penye ugonjwa. Akapapasa kulia, akapapasa kushoto, asipate kitu. Machozi yakamtoka. Vigelegele vikajaa nyumba, Sabina amepona, na kesho atatoa ushuhuda mbele ya kanisa. Sabina alimtazama mumewe aliyesimama mlangoni mpaka mume akainamisha kichwa.

Wageni walipoondoka akamwambia taratibu, "Baba Winnie, watu nimewadanganya kwa ajili yako. Mungu sitamdanganya."

Jumapili aliitwa. Akaenda mbele, akashika kipaza sauti, akanyamaza. Kanisa lilisubiri. Maige alimwona mke wake amesimama pale peke yake. Akainuka, akatembea hadi mbele, akafungua vifungo viwili vya shati.

"Hakuna muujiza," alisema. "Uvimbe ni wangu."

Hakuna aliyecheka, hata Yakobo. Watu walimzunguka Maige, wakamshika mabega, wakamwombea kwa machozi. Sabina walimpita. Justa alisema kwa sauti ya kusikika kwamba kuna wanawake wanaochezea madhabahu, na Sabina akarudi kwenye benchi lake akakaa.

Alhamisi walikwenda hospitali. Muuguzi alipoita "Maige", mwanamke aliyeketi jirani akamgusa Sabina begani, kwa mazoea. Maige akachukua kadi mkononi mwa mkewe, akaingia peke yake. Daktari Hellen alipapasa, akarudia kupapasa. Pembeni mwa shingo palikuwa na vitezi viwili vigumu ambavyo mwezi wa Machi havikuwapo. Atavitoa pamoja na uvimbe wiki ileile, alisema, lakini kazi ambayo ingekuwa ndogo sasa ilikuwa kubwa, na hakutaka kumwahidi mengi.

Maige akatoka akakaa karibu na mkewe. Alitaka kumwomba msamaha. Akaishia kusema kwamba sasa ugonjwa ni wake, yeye Sabina apumzike.

Sabina akaukunja mtandio mapajani, kona kwa kona.

"Shingo ni yako, Baba Winnie. Lakini miezi mitano nimeugua mimi, na hakuna aliyeniuliza kama nimepona."