Nilivyolipeleka Jeneza Gisenyi

Kila anayevuka kutoka kwenu Karagwe kuja Rwanda ananiletea swali lile lile: Damiani alizikwaje? Mdogo wangu huyo mmoja, niliyembeba mgongoni mpaka akaanza kuona haya mbele ya wenzake. Basi nawasimulia safari nzima, mara moja, na msinikatize.

Mnakumbuka baba alivyozikwa huko kwenu. Tulikuwa wakimbizi, pesa ya mbao hatuna, tukamfunga katika mkeka wake wa kulalia, na mkeka ukawa mfupi. Siku ile niliapa kwamba hakuna mtu wa tumbo letu atakayeingia ardhini tena bila sanduku. Kiapo hicho ndicho kilichonipeleka Gisenyi, na ndicho kilichonichelewesha.

Alfajiri, Kigali. Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa, barabara ya kaskazini imeanza kupitika tena bila watu kuagana kama wanaokwenda kufa. Jirani yangu mwenye simu aliniita dirishani. Kutoka Gisenyi walikuwa wamesema maneno machache tu: Damiani amefariki usiku, ini limemshinda, anazikwa leo alasiri. Nililia hadi sauti ikakauka. Kisha lile neno "alasiri" likanirudia, nikakasirika. Nani anazika mtu mzima bila dada yake mkubwa? Nilijua kwamba Damiani alisilimu alipomwoa Zaina, binti wa wafanyabiashara wa mtaa wa Majengo, akaitwa Ramadhani. Nilijua, lakini kwangu mimi lilikuwa jambo la kofia tu.

Saa mbili asubuhi basi dogo la Gisenyi lilikuwa linaita abiria. Ningelipanda, ningefika mchana na kuuona uso wake. Nililipita, nikaenda kwenye ofisi inayowahudumia askari walioachishwa jeshi. Damiani alikuwa amepigana vita, akarudishwa uraiani na afya mbovu, na mtu wa namna hiyo akifa alikuwa na haki zake serikalini: jeneza, gari la kulipeleka, na posho kwa mjane wake baada ya ndugu kutoa ushahidi. Sina lawama na ofisi ile. Bwana aliyenipokea alinipa pole kwa moyo, akasema jeneza lipo tayari, ila gari litarudi mchana.

"Na kule, dada, hawatatangulia kuzika?"

"Watangoja," nikamjibu. "Mkubwa ni mimi."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia mkuu mwenyewe asiposikia anavunjika nini. Nilikwenda dukani nikanunua satini nyeupe, nikarudi kuketi uani pale ofisini na kuitandika ndani ya jeneza kwa misumari midogo, pembe zote nimezikunja vizuri. Mnanijua, mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa na uchungu, ndiyo, lakini niseme kweli, nilikuwa pia na majivuno. Mbao zimepakwa vanishi, kifuniko kina msalaba. Nilikuwa nikiwaza, laiti baba angeona.

Ruhengeri. Tulikuwa wawili kwenye gari, mimi na dereva Karoli, mtu asiyependa mazungumzo. Kwenye kizuizi askari walitaka jeneza lifunguliwe. Mmoja alichungulia, akaona satini peke yake.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Anatungoja Gisenyi. Alikuwa mwenzenu."

Kijana yule alilifunga kifuniko polepole, akarudi nyuma hatua moja na kupiga saluti. Alilipigia sanduku tupu, nami nikajifunika kitenge usoni kwa furaha na machozi. Mbele zaidi, Kanama, wanawake waliobeba viazi walitua mizigo yao kando ya barabara mpaka tukapita. Niliona kama baba naye anazikwa upya, safari hii kwa heshima. Nilimwambia Karoli asiende mbio, mizigo ya namna ile haikimbizwi.

Magharibi tulianza kuteremka Gisenyi, ziwa limeshabadilika rangi chini yetu. Tulipokata kona ya Majengo tulikutana na kundi la wanaume wenye kofia nyeupe, wanarudi kimya kimya. Niliwatazama miguuni. Ndala zao zilikuwa na udongo mbichi.

Mlangoni alisimama mama yake Zaina, mikono ameitanua pande mbili.

"Hiyo sanduku isiingie hapa, mwanangu. Sanduku bila mutu inaita mutu."

"Damiani yuko wapi?"

"Ihangane, pole sana. Tulishamuzika. Tulikungoja mupaka saa kumi, saa ya kuzika ikapita. Maiti haiteswe vile."

Nilisema maneno ambayo sitayarudia yote hapa. Nilisema wamemtupa ndugu yangu shimoni na shuka, kama mtu asiye na serikali wala ukoo. Watu wa matangani waliinamisha vichwa. Ndipo Zaina, aliyekuwa ndani kwenye eda, akaongea kupitia pazia.

"Dada, si sisi. Yeye mwenyewe aliomba. Aliniambia, 'Baba yangu alienda na mukeka tu, na mi nataka kwenda mwepesi vile vile.' Alikuwa anasema ile mazishi iko muzuri kupita zote alishaona."

Niliketi pale pale kizingitini. Miaka yote ile mimi naubeba mkeka wa baba kama aibu, na mdogo wangu anautamani. Hatukuwahi kuuzungumzia hata siku moja.

"Mbao tu ndiyo tulikosa, ya kuweka juu yake mbele ya kumwaga udongo," Zaina akaendelea. "Donc, basi, nilibaambia batoe mulango ya kiduka yake. Alilala chini ya mulango yake mwenyewe."

Karoli alikataa kulirudisha jeneza. "Mimi nimetumwa kuleta, sikutumwa kurudisha," akasema, na nadhani aliogopa pia. Tulilisimamisha chini ya upenu wa jirani.

Asubuhi yake mjomba wa Zaina alinipeleka makaburini. Nilisimama mbele ya tuta la udongo lisilo na msalaba, sikujua hata kichwa kiko upande gani mpaka nilipoonyeshwa. Nilichota udongo kwa kiganja, nikaumwaga juu ya ule ambao wengine walikwisha umwaga. Nilimwomba radhi kwa jina la Damiani, kisha kwa jina la Ramadhani, nisije nikakosea tena.

Tuliporudi tulipita kwenye kiduka. Palikuwa na kanga imening'inizwa mahali pa mlango, na bidhaa zote zimehamishiwa nyumbani kwa kuogopa wezi. Kiduka hicho ndicho alichomwachia mkewe. Nyumbani Zaina alikuwa ameshafikiri.

"Ile sanduku, serikali ilimupatia, na mi ndiye mujane yake. Bon, ikuwe mulango."

"Yewe! Mulango ya jeneza?" mama yake akashika kichwa. Kisha akakiangalia kile kiduka kilicho wazi ng'ambo ya njia. "Haya. Mbao ni mbao. Lakini musalaba mutoe."

Msalaba niliung'oa mwenyewe, ninao hapa Kigali ukutani. Satini nayo niliibandua mwenyewe, msumari kwa msumari, nisitake fundi seremala aiguse. Hadi adhuhuri mlango ulikuwa umesimama, na kufuli la zamani likakubali.

Kabla ya kupanda basi la kurudi nilipita komini, ofisi ya serikali ya pale, nikashuhudia mbele ya wakubwa kwamba Zaina ndiye mke wa marehemu, nasi ukoo tunamtambua, ili posho yake isipotee. Hapo angalau nilifika kwa wakati.

Njiani kurudi Kigali abiria mmoja alinifariji: mama, kawia ufike. Nilimshukuru tu. Mimi nilikawia, na sikufika. Kama mna mtu mnayetaka kumheshimu akifa, muulizeni heshima anayoitaka angali anakula ugali wenu.

Mkifika Gisenyi, ulizeni duka la Ramadhani. Mlango wake kwa nje una alama ya msalaba uliong'olewa, na kwa ndani umejaa matundu madogo ya misumari yangu. Kila nikienda huyapitishia vidole, na kila mara nalisikia lile basi la saa mbili asubuhi likiita abiria.