Mikono Isiyopakwa Mafuta

Tulimwita Mpauko, wala hakukasirika. Ni mpimaji wa maji kwenye maabara ninakoendesha gari, mama wa makamo, ngozi imemkauka hadi akikupa mkono unadhani umeshika gunia. Wifi yake humchokoza, "Kwani kaka yangu hakununulii hata mafuta?" Naye hujibu, "Ananunua, anajipaka mwenyewe."

Sababu ni kazi. Kemikali anazozitafuta ni zile sugu, zisizooza, zikiingia mwilini zinakaa miaka. Zimo kwenye makoti ya mvua, kwenye sufuria zisizogandisha chakula, hata kwenye baadhi ya mafuta ya kujipaka. Mkono wenye mafuta ungeweza kuharibu kipimo, basi aliyaacha miaka nenda rudi.

Mwezi uliopita akazikuta kwenye maji ya chupa yanayouzwa kila kona. Akaenda kando kumpigia bintiye, aliyetoka kujifungua na anayemkorogea mtoto maziwa ya kopo kwa maji hayohayo.

"Lakini mama, nayachemsha."

"Kuchemsha hakuzitoi, mwanangu. Mwaga."

Haya, wake kamwambia. Na watoto wa wenzake je? Hilo ndilo lililonikera. Maji hayatoki madukani mpaka mkurugenzi wetu akubali kipimo, na mkurugenzi akaita kikao, akamwalika meneja wa kiwanda. Mshtakiwa anaitwa kwenye kesi yake mwenyewe, anamiminiwa chai. Mimi nilikuwemo kwa kuwa nilibeba kreti la chupa.

Meneja, kijana wa suti, ulimi asali. Kemikali zimo kweli, akasema, ila zimetoka kwa mpimaji. "Akina mama mnapenda mafuta ya mikono. Ni uzembe mdogo tu, hatumlaumu."

Mpauko akaeleza kwamba kila anapopima hufungua pia chupa ya maji yaliyosafishwa maabara, kwa mikono ileile, na hiyo ilitoka safi; uchafu ungekuwa wa mikono, nayo ingeupata. Mkurugenzi akajikuna kidevu.

"Labda turudie mwakani," akasema.

Mwakani! Na hao watoto wanywe nini mpaka mwakani? Nikang'ang'ania kreti nisije nikasema neno la kunifukuzisha kazi.

Ndipo mama wa watu akapandisha mikono ya blauzi hadi viwikoni, akalaza mkono mezani, akapitisha ukucha juu yake. Ukabaki mstari mweupe kama wa chaki.

"Mafuta gani hayo, baba? Nionyeshe."

Meneja akainamia chai yake. Mkurugenzi akautazama ule mstari, akatia saini maji yaondolewe madukani siku ileile. Kumwomba radhi mama wa watu, thubutu!

Wakati wa kurudi nilisimama dukani nikamnunulia kopo la mafuta. Nikamwambia, mama, leo jipake, umewashinda. Akalifungua, akalinusa, akalifunga.

"Mpelekee mkeo," akasema. "Kesho tuna kiwanda kingine."