Maziwa Yaliyochelewa

Verediana, mjane wa Kihehe aliyeishi nje kidogo ya mji wa Iringa, alidhani habari za kunyonyesha zilikwisha mpita. Kitinda mimba wake alikuwa shuleni, na kifua chake mwenyewe alikwisha kukisahau. Ndipo mwaka 1955 bintiye mkubwa, Rozalia, akarudi kutoka Mbeya alikoolewa, aje kujifungulia kwa mama yake kama desturi ya mimba ya kwanza inavyotaka. Mtoto alitoka salama. Rozalia akavuja damu mpaka akakata roho mikononi mwa mama yake.

Mtoto wa kike akabaki, jina lake Damari. Maziwa ya ng'ombe yakamharisha, akawa ngozi na macho tu. Verediana akambeba mpaka zahanati ya misheni kwa Lusia, mkunga aliyempokea mtoto huyo.

"Mweke titini, mama," Lusia akasema.

"Nimweke wapi? Hapa pamekauka zamani."

"Mweke hivyo hivyo, usichoke. Chini ya ubongo wako kuna kitezi, ukubwa wa punje ya njegere. Mtoto akinyonya, kinapata habari, kinamwaga dawa yake kwenye damu, na dawa hiyo inashuka kuamsha maziwa. Wenyewe wanaiita homoni. Kitezi hicho hakiulizi kama wewe ni mama au bibi."

Verediana akamweka. Majirani wakasema yao, maana midomo haikai bure. Mtoto alivuta, akakasirika, akalia, akavuta tena, huku akidondoshewa uji mwepesi asife njaa. Asubuhi moja, bibi huyo akipepeta ulezi na kumlilia Rozalia kama ilivyokuwa kawaida yake, Damari akaamka na kupiga kelele ndani. Verediana akasikia kifua kinawasha, akatazama gauni: limelowa. Alionja kwa kidole ahakikishe. Halafu akakaa chini akalia upya, safari hii hata hajui analilia nini.

Basi tangu siku hiyo usiwatenganishe. Damari alikuwa na tabia ya kumshika bibi yake sikio huku ananyonya, na Rozalia naye, enzi zake, alishika sikio lile lile. Kila aliposhikwa, Verediana alimtamani bintiye, na wakati huo huo alikuwa naye. Sijui nikuelezeje. Alitaka iendelee tu.

Lakini mtoto ni wa ukoo wa baba, na hilo halikuwa na mgogoro. Wakwe walikwisha patana: Damari akiacha ziwa, atakwenda kwa baba yake. Baba huyo, Andendekisye, seremala wa Mbeya, alikuwa ameoa tena, na kila msimu alituma mtu kuuliza. Kila msimu Verediana akajibu, "Bado ananyonya." Haukuwa uongo. Ila mtoto mwenyewe alikuwa anakula makande kama mkata mbao, anakimbiza kuku, anatukana mbuzi. Bibi alimwita ndani mwenyewe aje anyonye. Wewe cheka tu, yeye aliogopa.

Mwisho wakaja. Andendekisye alibaki kule barabarani linakosimama basi, kwa kuwa mkwe wa kiume hasogelei mambo ya kifua cha mama mkwe wake. Alimtuma dada yake mkubwa, Ikupa, mwanamke mpole aliyekwisha nyonyesha watoto wengi.

"Kamwene, mama," Ikupa akaamkia kwa Kihehe, kwa heshima.

"Kamwene. Karibu ndani."

Walikunywa uji. Kisha Ikupa akaweka kikombe chini. "Mama, usinichukie. Kaka yangu anasema mtoto amekwisha kuwa mkubwa. Kama maziwa yapo kweli, kamua kidogo nione. Yakiwepo, narudi peke yangu."

Verediana akafungua gauni. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Akakamua upande huu, akahamia wa pili, akabana mpaka ikauma. Halikutoka hata tone. Asubuhi ile ile Damari alishiba hapo. Lakini hofu ilikuwa imemjaa, na mwili wenye hofu hufunga kila mlango.

"Yalikuwepo," akasema.

"Najua, mama," Ikupa akajibu, akiinamisha macho. "Lakini nimeambiwa nione."

Akamfunga Damari mgongoni. Verediana akawasindikiza, amebeba kifurushi cha nguo. Damari alicheka njia nzima, maana alidhani wanakwenda gulioni wote. Andendekisye akapokea kifurushi kwa mikono miwili bila kumtazama mama mkwe usoni. Wakapanda. Basi lilipounguruma ndipo mtoto akageuka, akaona bibi yake yuko chini, akalia kile kilio chake cha kuita.

Maziwa yakaja. Yalikuja pande zote mbili, yakalowesha gauni mpaka kiunoni, mbele za watu waliokuwa wakiuza ndizi. Verediana akainua mikono, asijue ajifunike au asimamishe gari. Ikupa alikuwa dirishani, akaona. Akafumba macho, na basi likaondoka kuelekea Mbeya.

Kifua kikajaa mpaka kikawa kigumu kama jiwe, homa ikampanda. Lusia alimfunga kitambaa. "Usikamue, mama. Ukikamua, mwili utadhani mtoto bado yupo, utazidi kutengeneza. Uache. Ukiona hakuna anayenyonya, wenyewe utafunga."

Verediana akaitikia kwa kichwa, kama mgonjwa mtiifu.

Msimu wa mavuno Lusia alipita kumjulia hali, akamkuta jikoni, ameinama juu ya kikombe cha bati cha Damari, gauni wazi, anakamua taratibu.

"Mama Verediana. Si nilikuambia uache? Ungekuwa umekwisha kauka."

"Uliniambia." Hakuinua kichwa. "Uliniambia nikiacha, mwili utajua kwamba mtoto hayupo." Akahamisha mkono upande wa pili. "Sasa mimi sitaki mwili ujue."