Coral Hettrick Ashika Kamba

Coral Hettrick alikuwa mpishi wa shule mjini Shepparton, Australia. Kila Krismasi ilipopita, yeye na mumewe Des walipiga hema kando ya Ziwa Eildon, chini ya mikaratusi ileile. Des aliendesha boti, na wengine walivutwa nyuma yake kwa kamba, wakiteleza juu ya maji na mbao miguuni. Sheria inataka botini awepo mtu wa pili wa kumwangalia anayevutwa, na mtu huyo alikuwa Coral. Miaka ishirini na tisa alikaa ameipa mgongo mbele ya boti, akitazama nyuma, akiinua mkono mtu akianguka. Watoto, kisha wajukuu, wote walijifunza kwa sauti yake: kunja magoti, usivute kamba, iache ikuvute.

Asubuhi moja mwaka huu ziwa lilikuwa shwari, nao vijana wote wamekwenda kununua barafu. Des akaanza kuifunika boti.

"Acha," Coral akamwambia. "Leo navutwa mimi."

Wifi yake Val, aliyekuwa akigeuza soseji, akacheka. "Na miaka yako sitini na mmoja?"

"Naijua, wifi. Zima jiko, ukakae kwenye kiti changu."

Mara ya kwanza alianguka kifudifudi. Ya pili maji yakamjaa puani. Ya tatu ubao mmoja ukamchomoka ukaenda zake.

Des akasogeza boti. "Inatosha, mpenzi?"

"Nani kakuuliza? Washa."

"Unaivuta kamba, Coral," Val akasema. "Miaka yote unatugombeza, leo unavuta kama unaopoa ng'ombe."

Coral alicheka hadi akameza maji. Alipokwisha kukohoa alikunja magoti, akanyoosha mikono, akaiachia boti kazi yake. Maji yakamshuka kifuani, yakamshuka kiunoni, mara yakawa chini ya nyayo zake, nayo milima ya ng'ambo ya ziwa inamjia kwa mbele. Hakuwahi kuiona ikija, siku zote aliiona ikienda. Ufukweni watu wa mahema mengine walisimama na vikombe vyao wakipunga mikono. Yeye hakuthubutu kupunga.

Walizunguka ghuba nzima ndipo alipoachia kamba, akazama taratibu hadi kidevuni.

Kesho yake mikono ilimuuma asiweze kuinua birika. Des alimtilia chai.

"Vijana wanaamka saa ngapi?" Coral akauliza.

"Saa tatu hivi."

"Basi tunywe haraka."