Dawa Nyeusi ya Majani ya Mpera

Kwa miaka arobaini Annonciata alichemsha majani ya mpera kwa namna moja: machanga, yamechumwa asubuhi, ndani ya chungu cha udongo, moto wa polepole. Ndivyo mama mkwe wake alivyomfundisha kule kijijini Kasekese. Mtu mzima aliyeharisha alipewa kikombe. Mtoto aliyelegea macho alikimbizwa zahanati, hakuchezewa. Watu wa wakati ule walijua mipaka ya dawa. Wa leo hawajui hata mipaka ya mashamba yao.

Alipohamia mjini, mtaa wa Nsemulwa, kwa mwanawe Gervais, alipata kibanda pembeni mwa soko la Mpanda, na wateja hawakukosekana. Kisha akaja Sauda, akafungua kibanda jirani, akachemsha majani yaleyale katika nusu pipa la chuma lililoota kutu. Dawa yake ikatoka nyeusi tii. Watu wakaufuata weusi kama nzi.

"Bibi, hiyo ni dawa au chai ya rangi?" aliuliza Manyanda, dereva wa bodaboda, mteja wake wa zamani.

"Ni dawa."

"Mbona naona mpaka chini ya kikombe? Ya Mama Sauda ukiinywa unajua umekunywa kitu."

"Umekunywa pipa."

Wiki mbili chungu kilirudi nyumbani kimejaa. Gervais akamletea debe la zamani. "Mama, nawe chemshia humu. Nani atajua?"

"Nitajua mimi," alisema, akalitumia debe kuwekea mkaa.

Tangu ujana alikuwa ameona kisu kikikata majani yale kinaingia weusi. Sababu yake ni tanini, kile kitu kikali kinachokaza ulimi, na ndicho kinachosaidia kukaza tumbo. Tanini ikikutana na chuma hugeuka wino. Jani linabaki lilelile. Kilichoongezeka ni kutu. Haya yamo vitabuni, ila nani anafungua kitabu siku hizi?

Jumamosi, soko likiwa limefurika, Annonciata alitoa misumari yenye kutu aliyoilowesha kwenye maji ya ndimu tangu jana yake. Akajaza bakuli jeupe dawa yake ya kahawia, akawaita watu, akamiminia ndani misumari pamoja na maji yake. Dawa ikageuka nyeusi papo hapo, wote wakitazama.

"Nimeongeza jani hata moja?" aliuliza.

"Hapana," Manyanda alisema taratibu.

"Bibi unaniharibia biashara," Sauda alilalamika.

"Njoo kesho nikuonyeshe chungu kinanunuliwa wapi. Majani nitakupa mimi."

Sauda akageuka, akakoroga pipa lake.

Mwanamke mmoja akapenya mbele na chupa mkononi. "Kumbe ya misumari ndiyo kali zaidi. Nipimie hiyo."

Watu wakacheka. Annonciata hakucheka. Hakuwa ameuza kitu kwa wiki mbili, na chupa ile ilikuwa kubwa. Akainua bakuli, akalimwaga lote mtaroni, akalisuuza mara mbili, akachota kikombe kutoka kwenye chungu.

"Ninayouza ni hii."

Mwanamke akakitazama kikombe, akatazama pipa, akaenda kwenye pipa. Watatu wakamfuata. Manyanda akabaki amesimama, kofia ngumu kwapani, kisha akanyoosha mkono.

"Lete hicho, bibi. Tumbo langu si gereji."

Annonciata akampa, akaongeza ukuni mmoja chini ya chungu.