Shairi Walilolicheka

Hapa Lubumbashi, ukipanda jukwaani ukasema Kiswahili chetu, watu huanza kucheka kabla hujamaliza salamu. Wamezoea. Kwao Kiswahili cha mji ni cha michezo ya kuchekesha, cha mlevi na mke wake wanaorushiana maneno uani. Mashairi ni ya Kifaransa. Mimi ni mwalimu, nililijua hilo vizuri, lakini nilidhani kwamba msiba ungetosha kuwanyamazisha.

Shairi lilimhusu mama yangu. Nilipokuwa mdogo, ndugu yangu mchanga alikata roho hospitalini, na mama akakataa kumwacha kule. Alimfunga mgongoni kwa kitenge, akamfunika kichwa, akarudi naye kwa miguu akipita sokoni, ili aliliwe nyumbani. Muuza samaki wakavu wa Kilwa, mji wetu wa ziwani, akamsifu: "Mama, mutoto yako analala muzuri." Mama akajibu, "Ndiyo, analala," akapita. Mtoto yule hakuacha hata picha. Nilipoomba ruhusa ya kusoma habari zake mbele ya watu, mama alisema, "Soma. Bantu bajue kama alikuwaka," yaani kwamba aliwahi kuishi.

Siku ya tamasha la mashairi alivaa nguo yake ya kanisani, akaketi mstari wa mbele. Walionitangulia walisoma Kifaransa kuhusu theluji, kitu ambacho sisi tunakiona kwenye kalenda tu, na ukumbi ulitulia kana kwamba tuko misani. Zamu yangu ilipofika, mwongozaji alitangaza, kwa Kifaransa chake cha puani, kwamba sasa tutaburudika kidogo na lugha ya sokoni.

Mistari ya kwanza walikuwa wakicheka chini chini. Nilipofika kwa muuza samaki, wakaangua kicheko. Mmoja wa nyuma akarudia jibu la mama kwa kubana sauti, "Ndiyo, analala," wakashika mbavu upya. Nilitaka kuwatukana, na matusi ninayo ya kutosha katika lugha zote mbili. Lakini nilimwona mama. Aligeuka kuwaangalia waliokuwa wanacheka, kisha akageukia mbele tena, akatabasamu kama mgeni asiyetaka kuwaudhi wenye nyumba. Kwa tabasamu lile siwasamehe.

Tulipofika nyumbani alivua viatu, akasema bila kunitazama:

"Siku ingine usome mu Kifaransa."

"Lakini mama, hausikiake Kifaransa," nikamkumbusha, maana haelewi hata neno moja.

"Ni muzuri vile. Mu Kifaransa habachekake."

Nikaliandika upya kwa Kifaransa. Nilifanya kazi hiyo kwa hasira, nikichagua maneno mazito yanayopendwa na wale wale, na mwaka uliofuata nikalisoma katika ukumbi ule ule. Hakuna aliyekohoa. Mwanamke mmoja alijifuta macho. Mwongozaji alinishika mkono, akaniambia kwamba sasa nimekuwa mshairi, nami nilitamani kumtemea mate.

Mama alikuwa mstari wa mbele, ndani ya nguo ile ile ya kanisani. Alipoona wengine wanapiga makofi, naye akapiga. Nilipokwenda kuketi karibu naye, aliniinamia sikioni, akauliza polepole:

"Ule mutoto, ulimusema wapi?"